Bi Otsune Ahamia Nyuma ya Tuta

Yasoji alizaliwa mtoto wa pili, na katika kijiji chao mtoto wa pili hakurithi hata jembe. Nyumba, shamba na madhabahu ya mababu vilikuwa vya kaka yake, Magobei. Kwa hiyo bwana wa jimbo alipozungushia sehemu ya ghuba tuta la kuzuia bahari, akatangaza kwamba watakaokwenda kulima huko watasamehewa kodi ya miaka ya mwanzo, Yasoji na mkewe Oshige walifunga virago wakahamia matopeni.

"Utavuna kaa," Magobei alimwambia walipoagana.

Hakuwa mbali na kweli. Udongo ulikuwa bado na chumvi ya bahari. Mpunga wa mwaka wa kwanza ulichipua vizuri, kisha ukanyauka kabla ya kutoa masuke. Wa mwaka wa pili vilevile. Baadhi ya majirani wakarudi makwao bila kuaga. Oshige ndiye aliyesema wapande pamba, kwa kuwa pamba huvumilia chumvi. Yasoji hakupenda, kwani kwake mkulima asiye na mpunga hakuwa mkulima. Lakini njaa haina majivuno. Akapanda.

Pamba ilipofika magotini, mama yake, Bi Otsune, alitokea juu ya tuta na furushi mgongoni, akitembea taratibu kama aendaye kisimani.

"Mama! Nani kakuleta?"

"Miguu yangu. Nipe maji."

"Kaka anajua?"

"Atakuwa ameshajua. Leo hakuna aliyempikia uji." Akanywa, akafuta midomo. "Nimekuja kukaa."

Yasoji alikosa usingizi. Mama ni wa nyumba ya mrithi. Kumpokea ni kumvua kaka nguo hadharani. Na kweli, kesho yake Magobei akafika, matope hadi mapajani.

"Umeniibia mama."

"Karibu uketi kwanza, kaka."

"Siketi. Watu wananiuliza kama namnyima chakula."

Bi Otsune alikuwa anapalilia pamba, wala hakuinua kichwa. "Hujaninyima kitu, mwanangu. Kwako nina kila kitu, hata kaburi langu lipo tayari. Hapa hakuna kaburi hata moja. Umewaona walioondoka? Mtu asiye na mfu wake ardhini, mvua moja mbaya ikimnyeshea anafunga virago. Mimi nitazikwa hapa, mdogo wako akose pa kukimbilia."

"Kwa hiyo umekuja kufa, mama?" Oshige akauliza, akijizuia kucheka.

"Sina haraka. Kwanza niione hii pamba."

Magobei akasimama pale, hajui aweke wapi hasira yake. Mwishowe akautazama mfereji.

"Huu kachimba nani?"

"Mimi," Yasoji akajibu.

"Mfereji unainuka kuelekea lango la maji la tuta. Maji yatatokaje?"

Akachukua jembe. Ndugu hao hawakuwa wamechimba mfereji pamoja tangu ujana wao, nao walichimba hadi jua likaelemea baharini, bila maneno mengi. Magobei alikula kaa wa kuchemsha, akalala, akaondoka asubuhi peke yake.

Bi Otsune hakuwa wa kwanza kuzikwa. Majira ya baridi yaliyofuata alifariki kichanga cha majirani. Bi Otsune ndiye aliyemwosha, akachagua mahali pakavu chini ya tuta, akakaa na mama mtu hadi machozi yalipomwishia. Wazazi wale walikuwa wamepanga kuondoka kabla ya masika. Hawakuondoka.

Mvua zikaendelea kuosha udongo, maji yakatoka, na mwaka ukafika Yasoji akathubutu tena kupanda mpunga kwenye kipande kidogo karibu na mfereji. Masuke yakajaa. Jioni ya mavuno Oshige alipika wali mweupe, bila kuchanganya mtama, akampakulia mama mkwe kwanza.

Yasoji alishika bakuli lake asiweze kula, akimwangalia mama yake. Bi Otsune alitafuna polepole, maana meno yalikuwa machache, akameza, kisha akamsogezea Oshige bakuli tupu.

"Niongeze," akasema.