Wiki Mbili za Joto, Siku Mbili za Baridi

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ofisini kwao wanamwita Profesa kwa sababu kila jambo analijua kabla hajaambiwa. Mwezi ule alikuwa ametengeneza bia yake ya kwanza, chupa thelathini, na kila chupa ameibandika picha ya uso wake akitabasamu. Bosi wake angekuja baada ya wiki tatu kuionja. Ikimpendeza, Profesa angepewa uenyekiti wa kamati ya sherehe ya ofisi, cheo alichokitamani mpaka akawa anajizoeza hotuba bafuni.

Jumamosi ile ile aliyofunga vizibo, alitoa maziwa yangu na mayai kwenye friji, akapanga chupa zake zote.

Mimi nimepika mikate miaka thelathini. Hamira, iwe ya mkate au ya bia, naijua kama ninavyozijua tabia za wanangu. Ile sukari kidogo anayotia kwenye chupa ni chakula chake. Ikila penye joto inatoa gesi, na gesi ndiyo povu. Ukiitia baridini inajikunyata, inalala. Lakini kumkaripia mkwe sikuweza, basi nikasema na binti yangu, naye Profesa kakaa palepale.

"Mwanangu, mwambie mwenzio chupa zikae nje wiki mbili, gizani, penye joto la kadiri. Baridi ije mwishoni, siku mbili tu."

"Umesikia?" binti akamuuliza.

"Mwambie Mama nashukuru," akajibu, macho kwenye simu. "Lakini huu si mkate. Nani anataka bia ya moto?"

Siku ya nne akafungua moja. Kimya. Hata pss haikusema. Binti akaonja, akakunja uso.

"Mume wangu, haya ni maji ya kuoshea sufuria ya uji."

"Haijapoa vizuri," akasema Profesa, akaufunga mlango wa friji kwa heshima zote.

Kesho yake, alipokwenda kazini, nikachukua chupa kumi za nyuma. Nikazigeuza moja moja, polepole, hamira iliyotuama chini iamke. Nikazipanga kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko, maana chupa ikipasuka haichagui uso. Sanduku nikaliweka chumbani kwangu, kwenye kona inayopakana na jiko. Kule kwenye friji nafasi nikaiziba kwa kabichi mbili. Hakugundua, kila alipofungua alikuwa anatazamana na sura zake za mbele.

Kila asubuhi nilizigusa kama mtu anayepima homa ya mtoto. Wiki mbili zilipotimia, Alhamisi, nikazirudisha kwenye friji, zimesimama wima ili machicha yashuke.

Jumamosi bosi akaja, mtu mnene, mpole. Profesa akafungua chupa ya mbele, akaimimina kutoka juu kama anayemwagilia bustani. Povu hakuna. Bosi akapiga funda moja, akauliza kwa adabu, "Hii ni juisi ya nini?"

Jasho likamtoka Profesa. Nikauona uenyekiti unatafuta viatu vyake mlangoni. Nikamwonea huruma, hata hivyo ni baba wa wajukuu zangu. Nikatoa kwenye friji chupa moja ya zile za sandukuni, nikainamisha glasi, nikamimina taratibu, machicha yakabaki chupani. Povu likapanda vidole viwili.

Bosi akanywa, akafuta mdomo, akanywa tena. "Hii ndiyo bia! Profesa, umefanyaje?"

"Subira tu, bosi," akasema bila kupepesa. "Mimi ni mtu wa subira sana."

"Mimi niliwahi kujaribu, zangu zikapasuka. Ulizipa siku ngapi za joto?"

"Joto?" Profesa akatazama dari. "Joto la... Bosi, bia si ni baridi?"

Bosi akanigeukia. "Mama?"

"Wiki mbili," nikasema. "Halafu siku mbili za baridi. Na sandukuni, zikipasuka zipasukie humo."

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mwenyekiti nimempata! Profesa, wewe utakuwa katibu. Uandike anachosema Mama."

Profesa akaenda kutafuta kalamu. Mimi nikakubali, ila kwa sharti moja: vikao viwe asubuhi, maana mchana huwa nasinzia.