Kichwa cha Mdogo Mtu

"Nisimamishie mnara, dada. Nikiingia ukumbini watu wasahau kama kuna bibi harusi," alisema mdogo mtu, amekaa chini, kichwa katikati ya magoti ya msusi.

"Na helmeti ya pikipiki utaivaa wapi? Gotini?"

"Nitaishika. Nikimwona polisi, naivaa."

"Lo! Na lami nayo itakupigia filimbi kwanza?"

Wateja kwenye benchi wakaangua kicheko. Msusi hakucheka. Mtoto huyu aliachiwa na marehemu mama yao, akamlea kwa kitana na mafuta ya nywele, na sasa amwambie nini? Akagawa nywele kwa mkia wa kitana, akasuka mistari ya kulala, bapa, mpaka kisogoni. Mnara hakuujenga.

Mdogo mtu alipojitazama kwenye kioo, machozi yakamlengalenga. "Umeniharibia siku! Kichwa changu hukishiki tena." Akajipachika helmeti kwa hasira, akafunga kamba kidevuni, akapanda pikipiki iliyokuwa ikimngoja nje. Msusi akabaki amesimama mlangoni, roho inamuuma kweli kweli.

Haukupita muda, dereva wa pikipiki akarudi kwa miguu, anachechemea, suruali imechanika. "Dada, tumeteleza kwenye mchanga. Mdogo wako amegonga kichwa ukingoni mwa barabara. Wamempeleka zahanati."

Msusi alimwacha mteja na nusu kichwa, akatoka mbio, kandambili moja ikamponyoka njiani asijali.

Alimkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji. Helmeti ilikuwa sakafuni, ina ufa kutoka utosini mpaka sikioni.

"Mkono umeteguka tu," alisema daktari. "Kichwa nimekipima, ni kizima."

Kuambiwa ni kuambiwa. Msusi akakishika mwenyewe. Vidole vyake vikapita mstari baada ya mstari, vikitafuta uvimbe, vikitafuta damu, vikakuta ngozi yenye joto na jasho. "Ee Mungu, asante," akasema kwa sauti, na wagonjwa wengine wakageuka. "Asante. Asante sana."

"Dada, nisamehe."

"Nyamaza. Mmoja umefumuka hapa."

Akapanda kitandani nyuma yake, akaanza kuusuka upya, machozi yakimdondokea mdogo wake shingoni.

"Aa! Polepole, unanivuta!"

"Piga kelele, mwanangu," alisema msusi. "Piga kelele nikusikie."