Jiwe Linalokunywa Maji

Siku Rwezaura alipolichokoa lile jiwe ukutani mwa handaki, lilikuwa likiwaka. Ndani ya weupe wake wa maziwa mlikuwa na cheche nyekundu na za kijani, na kila alipoligeuza zilihama. Lakini lilivyokaa nyumbani lilififia, likabaki jeupe kama mfupa. Hilo lilimtia hofu kwamba ni kioo tu.

"Usimwonyeshe mtu," Melkiory alimwambia. Huyu alikuwa shemeji yake, na walichimba pamoja madini ya bati kwenye vilima vya Kyerwa. Ilikuwa masika ya mwaka 1937. "Yapo mengine nyuma ya ukuta."

Rwezaura hakusikia. Asubuhi alishuka Murongo kwa Mzee Mgeni, mwenye duka, aliyepata kuuza vito Tanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete nilione."

Mgeni alilipima kiganjani, akasema ni jepesi. Akaligusisha ulimini, likanata. "Kioo hakinati hivi." Akalikwaruza pembeni kwa ncha ya jiwe gumu zaidi, na mchoro ukabaki. Kisha akalitia katika bakuli la maji. Vipovu vidogo vikapanda. Wakanywa kahawa, na walipochungulia tena, zile cheche zilikuwa zimerudi.

"Opali, kito halisi," alisema Mgeni. "Linakunywa maji, na limezaliwa na maji yanayopenya mwambani miaka na miaka."

Rwezaura alicheka kwa furaha. Mgeni hakucheka.

"Ulipolitoa, ukuta ulikuwa mkavu?"

"Mwaka mzima ulikuwa mkavu. Tangu mvua hizi zianze, unatoka jasho."

"Na sasa yuko nani mle?"

"Shemeji yangu."

Mzee aliweka kikombe chini. "Inuka, mwanangu. Maji yamepata njia. Kimbia."

Alikimbia, akapanda vilima matope yakimvuta miguu. Alipofika, kijito chembamba cha maji mekundu kilikuwa kikitoka mdomoni mwa handaki, baridi ya kuuma. Ndani sururu ilikuwa ikigonga.

"Shemeji! Toka!"

"Njoo uone!" Sauti ya Melkiory ilijaa kicheko. "Ukuta wote unawaka!"

"Hayo ni maji! Toka, nakuomba!"

Sururu ikanyamaza. Rwezaura akashusha pumzi, akidhani mwenzake anakuja. Kisha akasikia pigo moja tena, na kilima kikaguna kama ng'ombe aliyekwama topeni. Maji yakamzoa, yakamtupa majanini pamoja na mawe na magogo ya nguzo.

Wachimbaji wa mashimo ya jirani walikuja na majembe. Walichimba hadi ardhi ya juu nayo ikaanza kupasuka, ndipo wakamshika Rwezaura mikono na kumtoa kwa nguvu.

Kemirembe, dada yake, alikuwa uani akimenya ndizi za jioni. Alimtazama matope yaliyomganda, kisha akatazama njia nyuma yake.

"Mume wangu umemwacha wapi?"

Njiani Rwezaura alikuwa amepanga maneno. Badala yake alikaa chini kwenye maganda, na Kemirembe akaweka kisu.