Mabega ya Roope Halttunen

Siku ya Jumanne, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Hilkka Moilanen alijaza ndoo maji ya uvuguvugu na kuanza kupiga deki ghorofa ya pili ya bweni la Chuo cha Michezo cha Karhuvaara. Alianzia mwisho wa ukumbi, penye rafu za viatu, akaja akirudi nyuma, dekio likienda kushoto na kulia kama kichwa cha mtu anayekataa jambo kwa adabu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hadi Oktoba iliyopita wasafishaji walikuwa wawili. Kisha mkuu wa chuo, Kyösti Vänskä, akagundua kwamba mmoja anatosha. Aligundua hilo akiwa amekaa.

Wakati huohuo, ghorofa ya chini, chumba namba nne, Roope Halttunen alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa tumaini la mkoa mzima katika mbio za skii, mzigo alioubeba vizuri zaidi akiwa usingizini. Alivaa fulana ya kubana yenye vihisi kumi na viwili vilivyoshonwa kwa ndani, ambavyo husikiliza umeme wa misuli kupitia ngozi na kuutuma kwenye kompyuta ya Daktari Tellervo Ahokas. Msuli ukifanya kazi, mstari wake hupanda. Ukipumzika, mstari hulala. Kihisi cha kumi na tatu hubandikwa juu ya mfupa, mahali pasipo na msuli, na kazi yake ni kutofanya lolote ili wengine walinganishwe nacho. Kila taasisi inaye mmoja wa namna hiyo.

Jumatatu Roope alikuwa amenyolewa mabega, akasuguliwa kwa spiriti, akaambiwa asukume mpini uliofungwa ukutani kwa nguvu zake zote. Nguvu hizo zote ziliandikwa kuwa asilimia mia moja. Huo ndio utaratibu: kwanza mtu anapimwa mwisho wa uwezo wake, kisha kila anachofanya baadaye kinahesabiwa kama kipande cha huo mwisho.

Saa tatu na nusu Daktari Ahokas alifungua kompyuta. Mabega ya Roope yalikuwa yamefanya kazi tangu saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, kwa asilimia mia na arobaini.

Alimwita. Roope alikuja na Aukusti, anayelala naye chumba kimoja na ambaye huja mahali popote asipoitwa.

"Roope, alfajiri ulikuwa unafanya nini?"

"Nililala."

"Mabega yako hayakulala."

"Hayakuniaga."

"Yametoroka bweni, Daktari," alisema Aukusti. "Yaandike kwenye daftari la watoro. Mimi Novemba niliandikwa kwa kuchelewa dakika nne tu."

Daktari aliusogeza mstari kwa kidole. Palikuwa na kusukuma na kuvuta, kusukuma na kuvuta, kisha kuinua kitu kizito, kisha kukikamua. Saa tatu kamili mstari ulilala kabisa. Saa tatu na dakika kumi na mbili uliamka tena. Daktari aliutazama huo ukimya, akaelewa. Mapatano ya kazi ya wafanyakazi wa usafi yanatoa dakika kumi na mbili za kahawa, na kwetu mtu anaweza kunyimwa mengi, lakini si hizo.

"Huyu ni Hilkka," alisema.

Roope aliinama, akatazama. "Eh, ni Hilkka."

Katika fani hii jambo hilo linajulikana. Kihisi kilichobandikwa juu ya msuli mmoja husikia pia msuli wa jirani, na mtaalamu mwangalifu huliandika kwenye ripoti na kuendelea na kazi. Tofauti ndogo ilikuwa kwamba jirani huyu alikuwa ghorofa ya pili.

Ili kuwa na uhakika, kesho yake Aukusti aliivalisha fulana ile kiti. Kiti kilifanya kazi kwa asilimia mia na thelathini na nane hadi saa tatu, kikapumzika kwa kahawa, kikaendelea.

Hilkka alipoelezwa, alifuta mikono kwenye aproni. Tangu Januari alikuwa akiomba msafishaji wa pili arudishwe, maana mkono wake wa kulia haukufika tena juu ya sikio, na nywele alizichana kwa kuuinamishia mkono kichwa. Kila mara ofisi ilimjibu kwa sentensi moja: kazi ni nyepesi, hakuna kipimo kinachoonyesha vinginevyo.

"Kwa hiyo kipimo kipo," alisema.

"Kipo," alisema Daktari. "Ni kizuri mno. Sijawahi kuona mabega kama haya."

"Basi nichapishie."

Zilitoka kurasa kumi na moja. Hilkka alizipeleka kwa mkuu, akavua viatu vya kazi mlangoni kwa sababu sakafu ile alikuwa ameipiga deki mwenyewe. Mkuu alisoma kurasa zote, kwa kuwa ni mtu wa haki.

"Namba hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Hapa juu pameandikwa Halttunen."

"Jina ni la kijana. Mabega ni yangu, Kyösti."

"Hilkka, karatasi yenye jina la mtu ni ya mtu huyo. Tukianza kulegeza hapo, tutaishia wapi?"

Hilkka hakujua wangeishia wapi. Angependa waishie kwenye msafishaji wa pili.

Mkuu, kwa haki ileile, alitaka kuijaribu fulana yeye mwenyewe. Aliivaa chini ya shati Alhamisi asubuhi, katika kikao cha saa mbili kuhusu matumizi bora ya nguvukazi, nayo ikatanuka kwa uvumilivu. Wakati wa kikao Hilkka alikuwa akigeuza magodoro arobaini na manane. Kompyuta ilionyesha kwamba Kyösti Vänskä, akiwa kitini, alikuwa amefanya kazi ya wanaume watatu. Aliutazama mstari kwa muda mrefu.

"Nilijua," alisema. Akaomba nakala ya kutundika ukutani.

Ilibaki njia moja, nayo Daktari aliiona mara moja: Hilkka aivae mwenyewe, ili jina na mabega vikutane kwenye karatasi moja. Ijumaa aliivaa zamu nzima. Alipiga deki ghorofa zote mbili, akabeba mifuko tisa ya shuka, akasugua sauna ya wavulana, ambayo haisuguliki. Alitabasamu mara mbili, jambo lililoshuhudiwa. Mchana walikusanyika mbele ya kompyuta.

Mstari ulikuwa umelala. Saa kumi na mbili na dakika arobaini ulitikisika kidogo, kama mtu anayegeuka upande. Saa moja na dakika kumi mkono mmoja ulikuna tumbo. Basi.

"Huyu ni Roope," alisema Daktari.

"Ni mimi," alisema Roope. "Niliwashwa na blanketi."

Hakuna aliyebisha. Kama jirani anasikika huku, na huku kutasikika kwa jirani. Hata mtoto angeelewa. Lakini mashine ilikuwa imekwisha kuchapisha, na juu ya ukurasa, kwa herufi nene, paliandikwa Moilanen Hilkka.

Mkuu aliisoma kwa furaha ya kweli. "Sasa hiki ndicho kipimo! Zamu nzima ya kupumzika mfululizo. Sikujua kwamba tunakupa nafasi kiasi hiki."

"Nilipiga deki ghorofa mbili."

"Hapa hamna."

Daktari Ahokas alipinga. Aliandika maelezo ya chini kwenye ukurasa wa tisa, kwa herufi ndogo, kwamba matokeo yasomwe kwa tahadhari na kwamba utafiti zaidi unahitajika. Ni mwanamke jasiri, na utafiti zaidi angeufanya yeye.

Jumatatu barua ya ofisi ilifika. Kazi ni nyepesi, kipimo kimeambatishwa.

Upande wa Roope, chuo kilichukua hatua haraka. Mabega yanayofanya kazi kupita asilimia mia kila siku yako hatarini, na afya ya kijana haichezewi. Aliamriwa kupumzika wiki mbili, kukandwa mara tatu kwa wiki, na kupewa samaki wa ziada. Chumba cha kukandia kilikuwa stoo, ikabidi kisafishwe. Meza ya kukandia ilikuwa chini, ikabidi ipandishwe. Ilipandishwa na Hilkka.

Roope hakuwa mtoto mbaya. Asubuhi moja aliamka kabla ya saa kumi na mbili, akampokea Hilkka ndoo, akaibeba hadi mwisho wa ukumbi na kurudi, asubuhi nzima. Siku hiyo Hilkka alichana nywele zake kwa kuuinua mkono. Siku hiyo pia mstari wa Roope ulishuka hadi asilimia tisini, na mkuu akamwita.

"Kijana, unajiharibia. Shirikisho la skii linatazama hizi namba."

"Nilikuwa namsaidia Hilkka."

"Mapumziko ni sehemu ya mazoezi. Rudi kitandani."

Alirudi. Asubuhi iliyofuata namba zilipona.

Fulana yenyewe haifuliwi kwa mashine, kwa sababu ya nyaya, hivyo ilifuliwa kwa mikono kila Jumatano. Hilkka aliifua kwenye beseni, akaikamua, na kwa kuwa siku hiyo mkono ulimuuma sana, akaikamua kwa hasira. Vihisi havikuwa vimezimwa. Kompyuta iliandika asilimia mia moja hamsini na sita, kiwango cha juu kuliko vyote katika historia ya chuo, kwa jina la Halttunen Roope, fulana ikiwa haina mtu ndani.

Alhamisi, wakati wa supu ya njegere, mkuu aligonga glasi kwa kijiko na kusimama. Alisema kijana wetu ameitwa kambi ya taifa kwa bidii ya pekee. Alisema bidii haifichiki, vyombo vya kisasa huiona popote ilipo. Ukumbi mzima ulishangilia. Roope, akiwa ndani ya fulana iliyokwisha kukauka, aliitazama supu yake. Aukusti alimnong'oneza, "Simama, wewe. Mabega yako yanapongezwa."

Hilkka alikuwa mlangoni na kitoroli cha vyombo. Alikiachia, akapiga makofi pamoja na wengine, kwa adabu, mkono wa kulia ukifika ulipofika. Ghorofani, kwenye kompyuta ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama, bega la Roope lilionyesha vilima vidogo kumi na vitatu, kisha likarudi kwenye kusukuma kitoroli.