Hesabu Kumi na Mbili

Kama umewahi kuolewa mjini Unguja, au kuoza, au hata kupita njia tu wakati harusi inapita, huna haja ya kuelezwa Maalim Ubwa ni nani. Ndiye mpiga tromboni wa beni ya Malindi, ile ya ngoma na tarumbeta inayosindikiza harusi mitaani. Asubuhi alikuwa hamali bandarini, anabeba magunia. Jioni anavaa shati jeupe na kutangulia mbele ya beni, na wanawake wa mtaa mzima wanamfuata na sare zao, wengine hata harusi yenyewe hawakualikwa.

Kawthar alimjua tangu ana miaka kumi na tatu, alipomfuata mpaka mlangoni kwake kumwambia anataka kufundishwa kupuliza. Kwao Shangani walisema mtoto wa kike na lile dude la shaba, wapi na wapi. Maalim Ubwa alimpa tromboni aishike, akamtazama inavyomwelemea, kisha akamwambia aje kesho akiwa ameshakula. Sasa Kawthar ana miaka thelathini na moja, anasomesha chuo cha muziki na kutunga kwa nota, na mpaka leo akimtaja Maalim sauti yake inabadilika.

Mwaka jana Maalim akaanza kukohoa. Alikohoa miezi mitatu akisema ni vumbi la saruji, mpaka Bi Biasha, mkewe, akamvalisha viatu kwa mikono yake akampeleka hospitali. Kumbe kifua kikuu. Alipewa vidonge vya miezi sita, na daktari akamwambia wazi kwamba pafu la kushoto halitakuwa tena kama lilivyokuwa.

Alipopata nafuu kidogo, muuguzi alimpa zoezi. Chupa yenye maji nusu, mrija ndani yake, apulize mapovu yatoke bila kukatika. Bi Biasha alikaa ubavuni akihesabu kwa vidole. Siku ya kwanza Maalim alifika tatu, akalala akageukia ukutani. Kawthar alikuwapo siku hiyo, na aliumia sana kuona pumzi iliyokuwa ikijaza mtaa inashindwa na chupa. Lakini kesho yake Maalim aliiomba chupa mwenyewe. Baada ya wiki mbili akafika nne, halafu tano. Hakulalamika wala hakujisifu, alipuliza tu, kila siku, kama mtu anayekwenda kazini. Kawthar akawa anaandika zile hesabu kwenye daftari, mwanzo bila kujua kwa nini, baadaye akijua vizuri sana. Vidonge vilipokwisha, Maalim alikuwa amefika kumi na mbili, na Kawthar alikuwa amemtungia muziki.

Ulikuwa muziki wa tromboni peke yake, bila ngoma wala kinanda. Kifungu cha kwanza hesabu tatu, cha pili nne, cha tatu tano, hivyo hivyo mpaka cha mwisho, sauti moja ya hesabu kumi na mbili kwa pumzi moja. Kati ya kifungu na kifungu Kawthar aliweka kimya, ili watu wamsikie Maalim anavyovuta pumzi. Kwake yeye, kile kimya ndicho kilichokuwa roho ya kazi nzima.

Mazoezi walifanyia uani kwa shangazi yake Kawthar, Mbweni, kwa sababu Maalim hakutaka watu wa Malindi wamsikie akikohoa. Nota hasomi, hajapata kusoma, basi Kawthar alimwimbia kifungu kimoja kimoja naye akakishika kwa sikio. Alipofikia pale pa kunyamaza, akaishusha tromboni.

“Mwanangu, unataka watu wanisikie nnavyohema?”

“Nnataka wajue ulikotoka, Maalim.”

“Wanajua. Nnatoka Malindi.”

Bi Biasha alicheka peke yake. Maalim alikubali mwishowe, ila kifungu cha mwisho kilimtoa jasho. Tromboni si chupa, inakula pumzi. Alifika tisa. Siku nyingine kumi, akakaa chini, midomo imepauka. Zilipobaki siku tatu kabla ya kuupiga mbele ya watu ukumbini chuoni, Kawthar hakuvumilia.

“Tukikate mara mbili, Maalim. Sita na sita. Hakuna atakayejua.”

“Mimi n'tajua.” Alikuwa akifuta mdomo wa tromboni kwa leso. “Nshamwambia Junaid. Nikiifikisha kumi na mbili, nnarudi kwenye beni. Nisipoifikisha, hii tromboni yake. Siwezi kwenda mbele ya harusi ya watu nikakatikia njiani.”

Junaid alikuwa mpiga ngoma wa beni, ndiye aliyeshika nafasi ya Maalim kwenye tromboni tangu augue, na hapigi vibaya hata kidogo. Kawthar alirudi nyumbani moyo mzito. Alikuwa ametunga muziki wa kumpa heshima mwalimu wake, na sasa aliona huenda amemwandikia siku ya kuagana na tromboni.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, ukumbi wa chuo ulijaa. Nyuma walikaa walimu, wanafunzi na wageni wachache. Mbele, safu tatu nzima, walikaa wanawake wa Malindi walioletwa na Bi Biasha. Hakuna kati yao ambaye Maalim hakumpigia siku ya harusi yake. Katikati yao alikaa Bi Time, ambaye sauti yake ikianza, hata wenye kununa huitikia.

Maalim akapuliza hesabu tatu, akanyamaza, pumzi yake ikasikika mpaka nyuma. Akapuliza nne, akanyamaza. Wale wanawake wakaanza kutazamana. Akapuliza tano, akanyamaza, na hapo Bi Time akashindwa kujizuia. Akaitikia. Alikichukua kile kifungu kama kilivyo, akakiimba kwa “eee”, na safu tatu nzima zikamfuata kwa makofi.

Walimu waligeuza shingo. Kawthar, aliyekuwa amesimama pembeni ya jukwaa, aliona dunia inamwangukia. Katika beni, tromboni ikinyamaza, maana yake ni moja tu, itikieni. Hilo halifundishwi chuoni, na yeye amelicheza tangu mtoto, amevaa sare, ameitikia mpaka koo likamkauka. Miaka ya nota ilimsahaulisha. Aliwaandikia kimya wanawake wa Unguja, watu ambao kimya kwenye muziki wanakiona kama utovu wa adabu. Alipiga hatua moja awanyamazishe.

Ndipo akamtazama Maalim, na ile hatua ya pili hakuipiga.

Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu aingie, yalikuwa yameshuka. Alisimama mbele ya watu wote, mkono mmoja ubavuni, anahema kwa nafasi yake bila kujificha, kwa maana kwenye beni wanaoitikia hawaachi mpaka tromboni iwaite tena. Aliwaacha waimbe. Aliporidhika, akainyanyua tromboni, wakakatika wote kwa pamoja, akapuliza sita. Wakaitikia. Saba, wakaitikia. Nane, tisa, kumi, kumi na moja, na kila alipopumzika walimngojea kwa kuimba, kama walivyokuwa wakimngojea Maalim miaka yote njia za Malindi.

Kabla ya kifungu cha mwisho aliwaacha waimbe zaidi ya mara zote. Kisha akavuta pumzi, akaanza. Kawthar alihesabu. Tisa ikapita. Kumi. Kumi na moja, sauti ikatetemeka, shingo ya Maalim ikavimba. Kumi na mbili. Bado inakwenda. Kumi na tatu. Hapo Kawthar hakuhesabu tena, alikuwa analia.

Makofi yalipotulia kidogo, Junaid alipanda jukwaani kutoka safu ya nyuma. Maalim alimnyooshea tromboni, pengine kwa uchovu tu, ashikiwe. Junaid hakuipokea. Aliinama akambusu mkono.

“Alkhamisi tuna harusi Kikwajuni, Maalim. Mimi n'tabeba ngoma yangu.”

Maalim alitaka kumjibu, lakini pumzi ilikuwa bado haijamrudia. Akaitikia kwa kichwa tu, mara mbili, tatu, akiendelea kuhema, na safari hii hakujali nani anasikia.