Ukurasa wa Mzee Adriano

Habari ya kuchaguliwa ilimfikia Sauda akiwa dukani kwa baba yake, anampimia fundi misumari. Ilikuwa kambi ya uandishi ya wiki sita, chakula na malazi bure, kwa watu wanaoandika hadithi za wakati ujao. Waliomba wengi, wakachukuliwa wanne. Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa Malangali, si mbali na duka, lakini Sauda alifunga sanduku kama mtu anayehama mkoa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na hakuwahi kuitwa mwandishi na mtu yeyote.

Mwezi wa sita baridi ya Sumbawanga haina mzaha. Asubuhi waandishi walijikunyata jikoni karibu na jiko la mkaa, wakinywa uji wa ulezi kabla kila mmoja hajaenda kwenye meza yake. Wawili walikuwa vijana, mmoja wa Mbeya na mwingine wa Dodoma, ambao muda mwingi walikaa pamoja. Wa nne alikuwa Mzee Adriano, afisa forodha mstaafu, miaka sitini na nane, aliyefanya kazi mpakani Kasesya karibu maisha yake yote. Alivaa koti na tai kila siku. Aliletwa na binti yake Monika, mwalimu kijijini Mwazye. Monika alimpangia nguo kabatini, akabandika namba yake ya simu ukutani, akaondoka haraka bila hata kunywa chai.

Ijumaa ya kwanza walisomeana. Mzee Adriano alisimama akasoma ukurasa mmoja tu. Ziwa Rukwa limekauka, watu wa bondeni wanapanda milima ya Ufipa kutafuta maji, na pale mlima unapoishia kuna kizuizi na afisa mmoja anayemuuliza kila mtu amebeba nini. Mwanamke mmoja anajibu kwamba hana mzigo, amebeba jina la mto. Afisa anafunua kitabu chake chote, haoni mahali pa kuliandika.

Alipomaliza aliikunja karatasi, akaketi. Sauda aliona wivu, kisha akaona aibu kwa wivu wake.

"Shikamoo, mzee," alimwambia siku iliyofuata. "Ule ukurasa wako haujanitoka."

"Marahaba, binti. Ule ni mwanzo." Mzee aligusa paji la uso kwa kidole. "Mengine yote yamo humu."

Ijumaa ya pili alisema kichwa kinamuuma. Ya tatu alisimama, akaweka tai sawa, akasoma ukurasa ule ule, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayewasomea kwa mara ya kwanza. Kijana wa Dodoma alicheka akidhani ni utani. Hellena, msimamizi wa kambi, alitazama chini.

Jumatatu Sauda alimpelekea chai chumbani. Mzee alikuwa nje anaota jua. Juu ya meza kulikuwa na rundo la karatasi zilizoandikwa kwa mwandiko safi wa mtu wa ofisini. Sauda alisoma ya juu, kisha iliyofuata, kisha akachomoa moja ya katikati. Zote zilikuwa ukurasa ule ule. Ziwa limekauka, watu wanapanda, mwanamke anaulizwa. Alifika karatasi ya thelathini akaacha.

Akamwendea Hellena. Kumbe Hellena alishaanza kuelewa.

"Kazi aliyotutumia aliiandika miaka minne iliyopita, tarehe iko pale chini," Hellena alisema. "Siku ya mwisho wanakuja wageni kuwasikiliza. Nikiona hana kingine cha kusoma, itabidi nimrudishe nyumbani mapema. Siwezi kumwacha aaibike mbele za watu."

Sauda hakutaka arudishwe. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama ile ilikuwa huruma, au ilikuwa hamu tu ya kuushika ule ukurasa. Siku ile hakujiuliza. Aliketi akaandika kinachofuata: mwanamke anavuka kizuizi, afisa anaacha lindo na kumfuata, wanafika mji ambako maji yanagawiwa kwa kikombe. Akachapa yote kwenye kompyuta, na mwanzoni akaweka ukurasa wa mzee.

"Mzee, nimekuchapia kazi yako," alisema, akampa karatasi saba.

Mzee Adriano alizisoma taratibu, midomo ikicheza. Akainua uso uliojaa furaha. "Kumbe nimefika mbali hivi!"

Sauda alifurahi, akarudi mezani kuandika zaidi.

Kwa siku kumi na zaidi akawa anaandika ya mzee tu. Hadithi yake mwenyewe ilibaki ukurasa wa tisa. Na ukweli ni kwamba hakuwahi kuandika vizuri kama alivyoandika akiwa amejificha nyuma ya jina la mtu mwingine.

Wiki ya tano, asubuhi moja, mzee alimwita barazani. Hakuvaa tai. Karatasi zilikuwa mapajani.

"Kaa, binti."

Akakaa.

"Miaka thelathini na moja nimekagua nyaraka za watu. Ya kughushi naijua kabla sijaifungua." Akaweka kidole chini ya mstari. "Kuanzia hapa si mimi."

"Mzee, nilitaka tu—"

"Najua ulichotaka. Ninachougua nakijua. Zipo siku najua, kama leo." Akafunua karatasi ya kwanza. "Kila nilipouandika ule ukurasa nilijiona nipo. Asubuhi hii nimeusoma humu ndani ya maneno yako, nikarudia, nikarudia. Sijui tena yangu yanaishia wapi."

Sauda alipiga magoti. "Nisamehe, baba."

"Umeandika vizuri kuliko mimi," mzee alisema bila kumtazama. "Nenda sasa. Nataka kupumzika."

Siku mbili baadaye kiti chake kilikuwa kitupu wakati wa uji. Mlinzi alisema mzee alitoka alfajiri na koti lake na tai, akasema anawahi zamu. Hellena alimpigia Monika. Kabla ya adhuhuri simu ikaja kutoka Kasesya: mzee alipanda gari la kwanza la kwenda mpakani, akaingia barabarani, akanyoosha mkono kulisimamisha lori lililokuwa likitoka upande wa Zambia. Dereva alikanyaga breki, lakini ubavu wa lori ulimgonga, akaanguka.

Sauda na Hellena walimkuta amelazwa kwenye benchi ofisini, amefunikwa koti la afisa mmoja kijana. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alimtazama Sauda, akamwambia kitu kwa Kifipa, lugha ambayo Sauda hakuijua.

"Anasemaje?" akauliza.

Yule afisa alisita. "Anasema umechelewa kumpokea. Anasema zamu yake imeisha tangu asubuhi."

Alilazwa hospitalini wiki tatu. Mapafu yakajaa maji, na mwishoni mwa mwezi wa saba akafariki. Kambi ilikuwa imeshafungwa. Siku ya wageni Sauda hakusoma chochote, na Hellena hakumuuliza.

Walimzika Mwazye. Kwaya ya kina mama wa parokia iliimba mpaka kaburi likafukiwa, mahindi yakiwa yametandazwa kukauka kila uwanja wa nyumba. Baada ya watu kula, Sauda alikwenda nyuma ya nyumba, akamkuta Monika peke yake, amechuchumaa anasugua masufuria kwa majivu.

"Dada, pole," alisema. "Mimi ni Sauda wa kule kambini. Kuna jambo nataka ulijue."

Akamweleza yote, mpaka maneno ya barazani. Monika hakuacha kusugua.

"Mimi nilijua anaumwa," Monika alisema mwishowe. "Daktari aliniambia tangu mwaka jana. Ile fomu niliijaza mimi. Ile kazi niliitoa kwenye sanduku lake. Kila siku nilikuwa namfungia mlango niende shule, nikirudi nakuta amevunja vitu, au amejichafua, au analia. Nikaona tangazo. Nikasema, wiki sita. Wiki sita tu nilale. Nikawaandikia kwamba mzee ni mzima kabisa."

Sauda alichuchumaa kando yake.

"Na nililala," Monika akasema. "Ndilo linaloniua, dada. Nililala vizuri sana."

Akamsogezea sufuria. Sauda akakunja mikono ya gauni, akachota majivu, akaanza kusugua.