Karamu Juu ya Fungu Chewa

Ndoto hii niliiota mchana kweupe, na anayedhani mimi ni mtu wa kuotaota ovyo basi hajanijua. Mimi ni Luteni Mwanasha, mpimaji wa kina katika jeshi letu la majini. Ramani za bahari yetu, ambazo zamani tulichorewa na wageni, leo tunazichora wenyewe, na hilo nalisema kifua mbele. Siku hiyo tulikuwa Fungu Chewa, mwamba ulio mbali na pwani zote, tunaougombea sisi na majirani zetu. Meli yao nayo ilikuja kupima. Nahodha wao akaita redioni, "Karibuni Fungu Chewa." Nahodha wetu, Kapteni Kilumanga, akadakia, "Aa, karibuni nyinyi." Maana anayekaribisha ndiye mwenye nyumba, na hapakuwa na aliyekubali kuwa mgeni. Walikaribishana mpaka wakanuniana. Kisha Kapteni akanigeukia. "Luteni, kwenye ramani uandike kisiwa. Kisiwa kina bahari yake. Mwamba unaozama hauna kitu. Jioni nataka saini yako." Nami nilikuwa nimeuona mwamba ule ukizama wote maji yalipojaa. Nikaenda kujilaza na hasira zangu, usingizi ukanipitia.

Nikajikuta natembea juu ya bahari, na mbele yangu ule mwamba umetandikwa jamvi, sinia za pilau zinafuka moshi, na wageni wengi wamekaa wima bila kula. Mwanamke aliyelowa hadi kiunoni akanishika mkono. "Mimi naitwa Kweli," akasema, "na hapa sikualikwa. Wewe tazama tu, mwanangu, wenyewe watajieleza." Kila upande wa jamvi alikaa bwana mwenye joho, pacha wawili wa ukoo wa Majivuno. Huyu akisema karibu, yule anajibu karibu wewe, na kwa kuwa mwenyeji hakupatikana, hakuna aliyethubutu kumega tonge. Kati yao alipita Bi Muhali, mwanamke mpole wa sauti anayeona haya kumuudhi mtu, akiwafunika wageni miguu kwa khanga ili wasione kwamba maji yanapanda. Yalipofika magotini walimshukuru kwa khanga. Wali ulipoanza kuelea, wakasifu mchele.

Pembezoni, pale mwamba unapoteremka, alisimama mwanamke mwenye sare kama yangu, maji shingoni, ameinua ramani juu ya kichwa isilowe. Nikauliza ni nani. "Fahari," akajibu Kweli. "Watu humdhania ndugu wa hawa wawili, wala hawana udugu. Huyu ulikuja naye wewe. Ukidanganya, atazama."

Hapo pacha wakaniona. "Mpimaji," wakasema kwa pamoja, "waambie wageni, si tumekaa nchi kavu?" Bi Muhali akaninong'oneza, "Usimwaibishe mtu mbele ya wageni, mama." Namtazama Fahari, maji yamemfika midomoni, na macho yake hayaniombi kitu. Moyo ukaniuma kweli. Nikasema kwa sauti ya kutoa amri sitahani, "Mwamba huu unazama. Inukeni." Wageni wakainuka, pacha waking'ang'ania jamvi, nami nikarukia majini nikamkamata Fahari mkono. Mkono ulikuwa na kovu langu mimi, la kukatwa na kamba ya meli, palepale kwenye kidole gumba. Nikaamka.

Nikaelewa kabla sijavaa viatu. Nikaandika kwenye ramani: mwamba, hufunikwa maji yakijaa. Nikampelekea Kapteni.

"Unajua unatupunguzia nchi?" akauliza.

"Afande, nikiandika kisiwa, meli ya kwanza itakayotuamini itapasukia hapa. Na ramani zetu zote hakuna atakayezishika tena."

Akatazama nje, nami nikatazama. Maji yalikuwa yamejaa. Fungu Chewa halikuonekana hata ncha, zimebaki meli mbili zilizokaribishana kutwa nzima mahali ambapo hapana pa kukaa. Kapteni akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akachukua redio.

"Jirani," akasema, "hodi."

Nahodha wao akajibu taratibu, "Hodi na sisi."

Nikatia saini, jina langu, la baba na la babu.